Taasisi, Serikali au ofisi yako mwenyewe: mwanasheria mzoefu wa uchukuzi Zanzibar akae wapi?

Makala hii ni ya mwanasheria aliyekwisha kupita hatua ya kubeba mafaili ya wakubwa zake. Umeshika mikataba ya bandari, umesimamia kesi za ajali, pengine umewahi kukaa kwenye kikao cha fidia ya barabara kilichomalizika magharibi. Sasa una barua ya ajira mezani, au umeanza kuulizia kodi ya chumba cha ofisi, na usiku hulali vizuri.

Zanzibar haina chombo kimoja kinachosimamia usafiri wote wa mji. Daladala na leseni za barabarani zina mamlaka yake, mitaa na maegesho yana mabaraza ya manispaa, bahari ina Mamlaka ya Usafiri Baharini iliyoundwa kwa sheria ya 2009, magati yana Shirika la Bandari chini ya Sheria Namba 1 ya 1997, na viwanja vya ndege vina mamlaka yao tangu sheria ya 2011. Mwanasheria wa uchukuzi anaweza kukaa ndani ya moja ya taasisi hizo, akakaa Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali akizihudumia zote, au akafungua ofisi ya uwakili na kuwahudumia wanaogombana nazo, na mara nyingine zenyewe.

Vipimo kwanza

Swali la mshahara watu huliuliza mwanzo. Mimi naliweka la tano. Kabla yake angalia jambo linakufikia likiwa katika hatua gani, sheria zipi zitakukesheza, nani ana uwezo wa kukukatalia, na mambo yakiharibika ni jina la nani litakalosomwa. Fedha zije baada ya hapo, kisha maisha ya nyumbani, hasa kama kwenu ni Pemba.

Jambo linakufikia lini

Mwanasheria wa taasisi hulipata jambo likiwa bichi. Mezani ana rasimu ya mkataba wa kukodisha ghala, barua ya mfanyabiashara anayelalamikia tozo za kontena lililokaa sana, notisi ya madai ya mchukuzi aliyeangukiwa na mzigo, na dokezo la Mkurugenzi lenye maneno matatu: "Naomba ushauri leo." Hajamaliza kusoma, ofisa wa usajili anaingia. Boti fulani cheti chake cha usalama kinamalizika kesho. Mwenyewe anaomba aongezewe wiki mbili, Idi imekaribia na tiketi ameshauza. Je, sheria inaruhusu kuongeza muda? Kwa sharti gani, baada ya ukaguzi upi, na anayetia saini ni nani? Jibu linatakiwa kabla ya adhuhuri. Ukishalitoa, boti ama inang'oa nanga na watu wake ama inabaki gatini, na mwenye boti anajua ni wewe uliyeshauri.

Huo ndio utamu wa kiti hiki na ndio uchungu wake. Kuna mambo mengi ambayo hayatafika mahkamani kamwe kwa sababu mtu mmoja aliuliza swali sahihi saa nne asubuhi. Hakuna atakayekushukuru kwa kesi ambayo haikutokea. Mara nyingi utakuwa pia unaandaa vikao vya bodi na kuandika mihtasari yake, kazi ambayo vijana huidharau mpaka siku wakaguzi wanapokuja kuuliza uamuzi fulani ulipitishwa lini na kwa sharti lipi.

Mwanasheria wa Serikali hukutana na jambo mwanzoni kabisa au mwishoni kabisa. Mwanzoni linakuja likiwa sera inayotakiwa kuwa muswada. Mwanasheria Mkuu anaingia Baraza la Mapinduzi na Baraza la Wawakilishi kwa wadhifa wake, na nyuma yake wapo watu waliokesha wakipanga vifungu. Ukiwa mmoja wao, utakaa Chukwani, kwenye ukumbi wa Baraza la Wawakilishi, ukisikiliza wajumbe wakikichambua kifungu chako neno kwa neno, na mwakilishi wa jimbo la pwani atakuuliza kwa Kiswahili chepesi swali ambalo wataalamu wote hawakulifikiria. Mikataba mikubwa nayo hupitia kwenu kabla ya kusainiwa. Mwishoni jambo linakuja likiwa hati ya madai. Pale katikati, meneja alipoamua kuvunja mkataba kwa barua ya mistari minne, hukuwepo. Utakuja kuitetea barua hiyo kana kwamba uliiandika wewe.

Wakili wa kujitegemea hulipata limeshaharibika. Daladala ya uwanja wa ndege imegonga, bima inakataa kulipa, mwenye gari amezima simu. Au mzigo umefika bandari ya Malindi, hapa Unguja, pungufu, na msafirishaji, wakala na mwenye ghala kila mmoja anamwonyesha mwenzake. Mara chache, na hizi ndizo siku nzuri, mteja anakuja kabla: anataka kununua boti iliyotumika nje na kuisajili hapa, au ana hoteli na anataka kujenga jeti, yaani gati dogo la boti. Kwa tabia zetu wengi huja wakishalipa nusu ya bei.

Sheria utakazokesha nazo

Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inataja bandari na mambo ya usafiri wa anga kuwa ya Muungano. Hapo hapo bandari zetu zinaendeshwa na shirika la Zanzibar kwa sheria ya Zanzibar. Usafiri wa barabarani haumo kwenye orodha, kwa hiyo tuna sheria yetu, Namba 7 ya 2003. Baharini tuna sheria yetu ya 2006 na msajili wetu wa meli, Bara kuna TASAC, shirika la uwakala wa meli la huko, na bendera inayopepea nyuma ya meli ni moja. Uwanja wa ndege wa Kisauni unaendeshwa na mamlaka ya Zanzibar, lakini msimamizi wa usalama wa anga ni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Mwanasheria wa taasisi anaishi kila siku kwenye mshono huo wa mambo ya Muungano na ya Zanzibar. Lazima ajue barua gani anaijibu mwenyewe na ipi aipeleke juu. Mwanasheria wa Serikali anaukuta mshono huo huo katika ngazi ya katiba, na kama una njaa ya maswali makubwa, utashiba huko. Wakili anaukuta kwa namna ya kawaida zaidi: daftari la mawakili wa Zanzibar ni jengine na la Bara ni jengine. Mteja mwenye boti ya Dar es Salaam na Unguja akishitakiwa ng'ambo ya pili, utamtafuta mwenzako wa huko na ada mtagawana. Mnakutana nyote Mahkama ya Rufani.

Ardhi nayo ina mambo yake. Kwa Sheria ya 1992 ardhi yote Zanzibar ni ya umma, na kilichoota juu yake kinaweza kuwa na mwenyewe mwengine. Kwenye vikao vya fidia vijijini mazungumzo huenda hivi. Mwanasheria anaamkia, "Shikamoo mzee." Mzee anaitika, "Marahaba mwanangu. Ardhi mnasema ya Serikali, sawa, sina neno. Mkarafuu huu kaupanda baba. Ule wa pili fungu la dada yangu, naye yuko Mombasa miaka. Mnazi ule niliuweka rahani. Sasa hiyo karatasi yenu aitie saini nani?" Sheha, kiongozi wa Serikali pale mtaani, anatazama chini. Hapo unahitaji sheria ya ardhi, ujuzi wa mirathi na subira. Wa taasisi ya barabara ndiye atakayekaa chini ya mkarafuu ule. Wa Serikali ataliona suala hilo likishakuwa shauri. Wakili huenda akawa ameletwa na yule dada wa Mombasa.

Nani anaweza kukukatalia

Kwenye taasisi una Mkurugenzi, juu yake bodi, juu yake wizara, na pembeni Mwanasheria Mkuu. Ushauri wako ni ushauri, na unaweza kupuuzwa kwa heshima zote. Unachobaki nacho ni maandishi. Mwanasheria wa taasisi anayeshauri kwa mdomo kwenye korido hatadumu, au atadumu kwa hasara yake. Andika dokezo fupi, taja kifungu, taja hatari, pendekeza njia nyengine ya kufikia anachokitaka bosi, weka tarehe. Hilo la njia nyengine ndilo linalowatenga wakongwe na wageni. Wakurugenzi hawaudhiki sana na "hapana" inayokuja na "lakini tunaweza kufanya hivi."

Ofisi ya Mwanasheria Mkuu ina ngazi, na rasimu yako itapigwa kalamu nyekundu na wakubwa wawili kabla haijatoka. Faida yake ni kwamba ikitoka inatoka kwa jina la Mwanasheria Mkuu, na uzito wake kwa taasisi haulingani na dokezo la mtu wa kitengo. Wapo waliohangaika miaka mitatu kwenye shirika kulizuia jambo, wakahamia Serikalini na kulizuia kwa barua moja.

Wakili anaweza kumkataa mteja. Kwa karatasi, naam. Lakini mteja mmoja mwenye meli akiwa ndiye anayelipia kodi ya ofisi na mshahara wa karani, uhuru huo unapungua bila mtu kukwambia. Isitoshe, mji wetu mdogo. Mwenye boti ni shemeji yako, nahodha mlisoma skuli moja, na majeruhi ni jirani wa mama yako. Mgongano wa maslahi unaosomwa vitabuni hapa unakutana nao sokoni Darajani.

Lawama

Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu kupita uwezo wake. Haujapita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Hakuna mtu wa kwetu anayehitaji kukumbushwa majonzi yale. Ninachotaka mwanasheria akitazame ni karatasi. Skagit ilijengwa Marekani mwaka 1989, ikafanya kazi jimbo la Washington kwenye maji yaliyokingwa na visiwa na ghuba, kisha ikauzwa 2011 na kuletwa kwenye mkondo wetu. Kila hatua baada ya kuuzwa ilihitaji karatasi: usajili, ukaguzi, leseni ya njia, idadi ya abiria. Baada ya Skagit waziri aliyekuwa na dhamana alijiuzulu.

Msiba wa namna hii ukitokea, tume huanza kwa kuomba mafaili. Kwenye mafaili hayo kuna sehemu ya ushauri wa kisheria, na ama imejazwa ama iko tupu.

Kuna na lawama isiyo na maiti. Mwaka 2012 ilibainika kuwa meli za mafuta za Iran, nchi iliyokuwa chini ya vikwazo, zilikuwa zimeandikishwa kwenye sajili ya Zanzibar na kupeperusha bendera ya Tanzania, kazi iliyopitia kwa wakala aliyekuwa Dubai. Usajili ukafutwa na mkataba na wakala ukavunjwa. Januari 2018 Rais Magufuli akaagiza usajili wa meli za nje usitishwe, baada ya meli zenye bendera yetu kukamatwa na dawa za kulevya na vilipuzi. Msomaji wa kawaida anaona siasa. Mwanasheria wa taasisi anaona mkataba wa uwakala: nani alitakiwa kuhakiki mwenye meli, ripoti ziletwe kila baada ya muda gani, na tunaweza kuvunja kwa siku ngapi.

Wa Serikali lawama yake ni ya kushindwa kesi, na hapo mzigo hugawanyika, kwani ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu huiuliza taasisi kwanza. Wakili lawama yake ni ya peke yake kabisa: muda wa kufungua shauri ukipita faili likiwa kabatini kwake, hana idara ya kujificha nyuma yake.

Fedha

Hapa sitakaa sana. Mashirika yanayokusanya mapato yao wenyewe kwa kawaida hulipa vizuri kuliko wizara na ofisi kuu za Serikali, na posho za vikao zipo. Serikalini mshahara unaujua, kupanda kunaenda kwa ngazi, na nafasi za masomo ni nyingi zaidi. Kote kuwili michango yako ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, inaingia kila mwezi, na ukiwa na watoto wa skuli hilo lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana kwenye barua. Wakili ana mwezi wa neema na mwezi wa kukopa. Wateja wa boti za watalii na hoteli hutulia masika yote, na madai dhidi ya taasisi huchukua muda kulipwa hata ukishinda. Usifungue ofisi bila akiba ya nusu mwaka, na usimhesabu mteja aliyeahidi kwa mdomo.

Kwa mtumishi wa umma kufungua ofisi ya uwakili pembeni si jambo la kufikiria. Yanayosemwa barazani kuhusu fulani anayefanya hivyo yaache barazani.

Unguja, Pemba na simu ya usiku

Makao makuu ya taasisi karibu zote yako Unguja. Pemba kuna ofisi ya Mwanasheria Mkuu, kuna tawi la bandari mjini Mkoani, uwanja wa ndege upo na Mahkama Kuu inasikiliza mashauri Chake Chake. Anayetaka kulea wanawe Pemba, Serikalini kuna njia iliyonyooka zaidi. Kwenye taasisi unaweza kuwa mtu wa sheria wa tawi, lakini mikataba mikubwa itasainiwa Mjini na utaisikia ikishasainiwa. Wakili wa Chake Chake ana ushindani mdogo na kazi za kila aina, ila hawezi kuishi kwa uchukuzi pekee. Atashika mirathi, mashamba na talaka, na kesi ya boti itakuja mara moja moja.

Kuhusu saa za kazi, wa taasisi ya bahari huitwa usiku. Boti imezima injini mkondo wa Nungwi, waandishi wanapiga simu, Mkurugenzi anataka kujua aseme nini na asiseme nini. Wa Serikali hukesha msimu wa Baraza na bajeti, kisha hupumua. Wakili hukesha kabla ya kila shauri na hujipangia mwenyewe Ijumaa yake.

Kwa hali yako

Kama furaha yako iko kwenye mikataba, na unauona mradi wa bandari ya Mangapwani au makubaliano ya waendeshaji binafsi wa vituo vya makontena kuwa ndiyo kazi ya miaka kumi ijayo, nenda taasisi. Tangu 2023 kituo cha Malindi kinaendeshwa na kampuni ya Africa Global Logistics, na shirika linalomsimamia mwendeshaji linahitaji mwanasheria wa aina nyengine kabisa kuliko shirika linalopakua lenyewe. Kabla hujasaini barua, uliza jambo moja: kitengo cha sheria kinaripoti kwa nani? Kikiwa chini ya utawala na rasilimali watu, na hakimfikii Mkurugenzi moja kwa moja, fikiri tena hata kama mshahara ni mnono.

Kama unapenda mahkama na bado hujafika miaka arobaini, Serikalini utasimama mbele ya majaji kwa mashauri mazito mapema kuliko kwengine. Kama unapenda kutunga sheria, hakuna pengine.

Kama huwezi kuvumilia kuandika ushauri usiofuatwa, usijidanganye kuwa utazoea. Fungua ofisi. Anza na mwenzako mmoja mwenye mashauri ya ardhi ili mapato yasitegemee bahari peke yake.

Mwenye wazazi wazee Wete na moyo usiotulia Mjini, omba Serikalini Pemba kwanza. Kutoka huko kwenda uwakili ni rahisi kuliko kurudi.

Mwenye zaidi ya miaka hamsini, aliyekwisha kuwa mkuu wa sheria kwenye shirika na sasa anawaza kutoka, ana thamani kubwa sokoni, na thamani hiyo ndiyo mtego wake. Wateja watamjia kwa sababu anajua mafaili ya ndani. Kabla ya kukabidhi ofisi aandike orodha ya mambo yote aliyoyatolea ushauri, aiweke, na kila anayekuja na shauri dhidi ya shirika lile amwangalie kwanza kwenye orodha hiyo, hata kama ada aliyoitaja ingelipa kodi ya mwaka.